Karatasi ya Mwitaji

Stima zimekatika Langoni. Tumewasha simu tatu,
tumeziegemeza vidakani, mianga ikitazama boriti.
Chini, cherehani ya Mzee Badi imenyamaza katikati ya pindo.
Twalib, msimulizi wetu, kafungua kitabu chake
alichokichapisha kwa mafungu, kila mwisho wa mwezi sura moja,
na anatugawia nafsi.

Shee kapewa ngao. Huyo atajengewa sanamu.
Lali kapewa funguo bandia na miguu isiyo na sauti;
mwizi, lakini mwizi wa kuchekesha, watu humsamehe.
Famau mponyaji: kila kijiji, mkate wa bure.
Mimi nikasema, nipe mwitaji.

Twalib akanitazama kama niliyeuliza bei ya sanda.
"Soma kwanza."
Nikasoma.

Mwitaji hukaa peke yake kwenye mnara uliopinda.
Mwitaji huvaa nyeusi.
(Na mimi je, na mama, na mtaa mzima wa wanawake wendao arusini?)
Huchora duara kwa chaki, hutamka jina, huamuru.
Wanakijiji hutema mate akipita.
Mwisho wake wajulikana: huliwa na alichokiita.
Kurasa nne,
na hakuna mstari hata mmoja unaouliza
usiku ule nani alimtuma.

Kwa maana hutumwa. Hilo sikulisoma popote.
Shangazi wa mama, Bi Zaharia,
mchana watu walirudi nyuma kichochoro kizima
wasije wakagusana naye mabega.
Usiku mlango wake wa uani uligongwa kwa kucha.
Wale wale.
"Mke wangu halali." "Mtoto hataki ziwa."
Naye alitafuta leso yake gizani, akapuliza makaa ya chetezo,
akaweka ubani, halwa, kikombe kimoja cha ziada.
Duara la chaki hakuwa nalo. Alikuwa na jamvi,
limeliwa na panya pembe moja.
Nilikuwa na miaka sita, nimejibana nyuma ya pazia,
na sikumsikia akiamuru chochote.

Basi tumeingia msituni, msitu wa Twalib,
wenye theluji ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuikanyaga.
Usiku wa kambi Shee kaweka upanga kati yake na mimi.
"Ni katika mchezo," akasema.
Baada ya kitambo akasema tena: "Katika mchezo tu."

Daraja limevunjwa. Majitu saba ng'ambo.
Ngao imepasuka, mponyaji kaishiwa,
na sasa nyuso zote zimenigeukia,
hata ya Lali, aliyekuwa akila bajia.
"Ita hicho kitu chako," Shee asema,
"ila kisinikaribie."

Uani. Kucha mlangoni.

Nachukua kalamu. Penye neno *Amuru* napiga mstari,
naandika juu yake *Karibisha*.
"Kitabu hakina hilo," Twalib asema.
"Sasa kinalo."
Na kwa lugha ya Bi Zaharia, kwa mizani aliyonipigia
kidole juu ya sinia, nasoma:

     Ndoo uliye mbalini,
     pita humu ukutani,
     uketi hapa jamvini,
     kahawa ingali moto.

     Sikuiti nina kamba,
     wala kwa mato ya simba;
     mgeni hupewa nyumba,
     hapigwi kama mtoto.

Kimya. Famau kavuta miguu yake, kaikunja chini.
Narusha dadu, lile la pande ishirini, la kijani;
laruka ukingo wa mkeka, lagonga kizingiti,
lashuka ngazi moja, mbili, tatu,
kisha twasikia, tb, maji ya mtaro.

Hakuna ajuaye ni ngapi.
Lali anataka turushe jingine.
Twalib anapekua kurasa, simu yake ikipepesa, chaji asilimia nne.
Mimi sipekui. Natazama pale mlangoni,
penye jozi tano za viatu,
na tuko wanne, na yule mshona nguo chini, na yeye
tangu magharibi kaenda zake.

"Shee," nasema, "sogeza upanga.
Mgeni apate pa kukaa."